Moyo uliosimama ghafla: jinsi ya kusaka chanzo kisichozoeleka

Mgonjwa alianguka, kifua kikakandamizwa, mapigo yamerudi. Sasa yuko kitandani na mpira wa hewa kooni, ndugu wamejaa mlangoni, na swali ni moja: kwa nini? Akiwa na miaka 60, sukari na presha, jibu mara nyingi liko kwenye mishipa inayolisha moyo, na njia ya kumhudumia inajulikana. Mwongozo huu ni wa wale wengine: msichana wa sekondari aliyeanguka kwenye mbio za mita 400, dereva wa bodaboda wa miaka 28 aliyekutwa alfajiri anakoroma ajabu na hajitambui, mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita. Nimeuandika kwa daktari, tabibu na muuguzi wa hospitali ya wilaya au mkoa, mahali penye mashine ya ECG (inayochora umeme wa moyo), pengine na ultrasound, lakini MRI iko mbali.

Kwa wagonjwa hawa, naamini chanzo hupatikana zaidi kwa maelezo na karatasi za saa za kwanza kuliko kwa mashine kubwa. Eko (ultrasound ya moyo) ya bingwa, MRI na vipimo vya jeni vinaweza kufanyika mwezi ujao. Shahidi aliyemwona akianguka, karatasi ya mdundo wa kwanza na damu ya kwanza havitakusubiri.

Hatua ya 1: Anza na vinavyotibika leo

Kabla ya kuwaza magonjwa adimu, pitia orodha inayofundishwa kila chuo: upungufu wa oksijeni, kupoteza damu au maji, potasiamu kupanda au kushuka, baridi kali, bonge la damu kwenye mapafu au moyo, hewa iliyobana kifuani, maji yanayouzunguka moyo, na sumu. Wengi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaiacha huko. Ipitie ukiwa na kipimo mkononi: sukari ya kidoleni, hemoglobini, kipimo cha mimba kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa (mimba iliyotunga nje ya kizazi humwaga damu tumboni bila kelele), kisha ultrasound ya tumbo na ya moyo.

Maji yanayouzunguka moyo si jambo geni kwetu, kwa sababu ya kifua kikuu. Mgonjwa aliyekonda, mishipa ya shingo imetuna, skrini ikaonyesha umeme wa moyo huku mapigo hayashikiki: weka ultrasound hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Ila kuna mtego. Ukiona chemba ya kulia ya moyo imetanuka, usikimbilie kusema ni bonge la damu kwenye mapafu. Moyo uliosimama dakika kadhaa kwa sababu yoyote ile unaweza kuonyesha chemba ya kulia iliyotanuka. Tafuta ushahidi mwingine: mguu mmoja uliovimba, mshipa wa kinenani usiobanika ukiukandamiza kwa ultrasound, upasuaji au kujifungua hivi karibuni, safari ndefu ya kukaa.

Hatua ya 2: Linda ushahidi

Mdundo wa kwanza uliorekodiwa ndio unaogawa njia. Chemba za chini zilizokuwa zinatetemeka bila mpangilio, yaani VF, au kwenda mbio bila kusukuma damu, zinaelekeza kwenye ugonjwa wa moyo wenyewe au wa umeme wake. Umeme uliopo bila mapigo, au mstari mnyoofu, huelekeza zaidi kwenye mapafu, damu, sumu, ubongo, au muda mrefu kupita kabla ya msaada. Sehemu nyingi karatasi hii hutupwa pamoja na glovu. Ichane, andika saa, ibandike kwenye faili, na ipige picha jina lisionekane. Mashine ya kushtua moyo huhifadhi kumbukumbu. Mwombe fundi wa vifaa tiba aitoe kabla haijafutwa.

Damu itolewe mapema, na saa ya kutolewa iandikwe kando ya saa ya adrenalini, dawa inayodungwa wakati wa kumfufua. Adrenalini husukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Kwa hiyo potasiamu ya 2.9 iliyopimwa nusu saa baada ya dozi kadhaa inaweza kuwa matokeo ya ufufuaji, wala si chanzo. Kinyume chake pia hutokea: mwili uliokaa muda mrefu bila hewa hujaa asidi na potasiamu hupanda. Rudia baada ya saa chache, kisha uamue. Troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, nayo itapanda kwa sababu ya kukandamizwa na kushtuliwa tu. Namba moja ya troponini isikufanye ufunge faili.

Tenga bomba moja la damu la kifuniko cha zambarau, lihifadhi kwenye jokofu. Litakuwa na kazi baadaye.

Hatua ya 3: Wahoji walioona

Hapa ndipo pa kutumia muda. Usiulize "alikuwa anaumwa nini?" maana utajibiwa malaria. Mkalishe aliyekuwepo, siyo msemaji wa ukoo, na muulize taratibu: "Mama, sekunde ile kabla hajaanguka, alikuwa anafanya nini hasa?" Kisha nyamaza.

Alikuwa anaogelea au anakimbia? Fikiria ugonjwa wa QT ndefu aina ya kwanza (QT ni muda kwenye ECG ambao chemba za chini hutumia kupokea umeme na kujichaji upya), na ule wa kuvurugika kwa mdundo kunakosababishwa na homoni za msisimko, unaoitwa CPVT. Magonjwa yote mawili hukamata vijana, na yote mawili huweza kuonekana kama ajali ya kuzama. Kijana anayejua kuogelea akizama kwenye maji tulivu, hiyo ni historia ya moyo hadi ithibitike vinginevyo.

Alishtuliwa na simu, kengele au king'ora? Hiyo ni tabia ya QT ndefu aina ya pili, na wanawake wenye aina hii huwa hatarini zaidi katika miezi ya baada ya kujifungua. Alikuwa usingizini, au ana homa? Fikiria QT ndefu aina ya tatu na ugonjwa wa Brugada, ule ambao ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, waliueleza mwaka 1992 kwa wagonjwa 8. Kule Thailand na Ufilipino vifo vya usiku vya wanaume vijana vilikuwa na majina ya kienyeji kabla sayansi haijavifikia. Homa huuchokoza ugonjwa huu, na kwetu homa ni ya kila siku, kwa hiyo ECG ya wakati wa homa ina thamani kubwa kuliko ile ya siku ya kuruhusiwa.

Alipigwa kifuani? Mpira, goti au ngumi ikitua juu ya moyo katika sehemu ndogo sana ya mdundo, moyo mzima kabisa unaweza kuingia VF. Ndivyo ilivyomtokea Damar Hamlin, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa timu ya Buffalo Bills, Januari 2, 2023 uwanjani Cincinnati. Utambuzi huu unasimama tu ukishapima na kukuta moyo hauna kasoro nyingine.

Alishika kichwa na kulalamika maumivu makali ya ghafla? Damu kuvuja kwenye ubongo huweza kusimamisha moyo na kuchora ECG inayofanana na mishipa ya moyo iliyoziba. Kama CT ya kichwa inapatikana, ifanyike kabla ya dawa za kuzuia damu kuganda. Maumivu kama ya kuchanika kutoka kifuani kwenda mgongoni yakupeleke kwenye mshipa mkuu wa aota.

Uliza pia juu ya "kifafa". Moyo ukisimama, ubongo hukosa damu na mwili hurukaruka. Wanaoona husema degedege, mganga husema jini, kliniki huandika kifafa na kugawa vidonge kwa miaka. Kifafa kinachokuja wakati wa mbio au hofu, kisichosikia dawa, na ambacho mgonjwa huzinduka upesi na akili timamu, hakijawahi kuthibitishwa kuwa kifafa mpaka ECG isomwe.

Kisha familia. Usiulize kama kuna ugonjwa wa moyo, watasema hapana. Uliza nani alikufa kabla ya miaka 40 na kifo hakikueleweka, nani alizama, nani alipata ajali ya gari akiwa peke yake, mtoto gani alikutwa amekufa kitandani, nani amewekewa betri ya moyo. Uliza kama kuna mtoto kiziwi tangu kuzaliwa. Mwaka 1957, Jervell na Lange-Nielsen wa Norway walieleza familia ya watoto sita ambamo wanne walikuwa viziwi, wenye QT ndefu na kuzimia, na watatu walikufa ghafla. Wazazi wakiwa ndugu wa damu, uwezekano wa ugonjwa huu huongezeka. Shule ya viziwi yenye mtoto anayezimia inahitaji mashine ya ECG.

Hatua ya 4: Dawa, sumu na jiko la mkaa

Mwambie ndugu alete mfuko wa dawa zote, hata za duka la mtaani na za kienyeji. Dawa zinazorefusha QT zimo kwenye kila kabati: erithromaisini, azithromaisini, levofloksasini, fluconazole, haloperidol, domperidone (ambayo akina mama hupewa ili maziwa yatoke), ondansetron, kwinini na hydroxychloroquine. Anayetibiwa kifua kikuu sugu anaweza kuwa na bedaquiline, clofazimine na moxifloxacin kwa pamoja. Mchanganyiko ninaouogopa zaidi ni wa mgonjwa wa fangasi za uti wa mgongo: amphotericin inashusha potasiamu na magneziamu, na fluconazole inarefusha QT juu yake.

Sumu huulizwa faragha, mtu mmoja mmoja. Mbele ya wakwe hakuna atakayesema. Mboni ndogo kama tundu la sindano, mate na jasho: dawa ya wadudu. Tumbo kuuma, harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, presha isiyopanda kwa dripu: vidonge vya kuhifadhia nafaka, ambavyo hutoa gesi ya fosfini na kuua misuli ya moyo. QRS (sehemu ya ECG ya umeme kupita chemba za chini) iliyopanuka zaidi ya milisekunde 100, mboni kubwa, ngozi kavu: amitriptyline, na hapo sodiamu baikaboneti ndiyo tiba na pia ni kipimo, kwa maana QRS ikisinyaa baada ya kuidunga umepata jibu. Uliza mirungi na kokeini, vyote hubana mishipa ya moyo.

Msimu wa baridi nyanda za juu, uliza kuhusu jiko la mkaa chumbani. Kifaa cha kidoleni cha oksijeni kitakuonyesha 98 na kitakudanganya, kwa sababu hakitofautishi oksijeni na hewa ya mkaa iliyoshika damu. Uliza kama waliolala chumba kile wameamka na kichwa kinauma, au kama kuku au paka alikutwa amekufa.

Hatua ya 5: Soma ECG zaidi ya mara moja

Usiipige ile ya kwanza mara tu mapigo yanaporudi. Subiri kama dakika 8, maana kabla ya hapo ST, kipande cha mstari kati ya QRS na wimbi la T, hupanda kwa wengi bila mshipa kuziba. Kisha rudia baada ya saa moja, kesho yake, na kabla hajaruhusiwa. QT hurefuka kwa siku kadhaa baada ya ufufuaji, na kuupoza mwili wake kwa baridi huirefusha zaidi.

Pima QT kwa mkono. Kwenye kasi ya kawaida ya karatasi, kisanduku kidogo ni milisekunde 40. Tuseme QT imechukua visanduku 11: ni 440. Toka R, kilele cha QRS, hadi R inayofuata kuna visanduku 20: ni sekunde 0.8. Kipeuo cha pili cha 0.8 ni karibu 0.89. Gawanya 440 kwa hiyo, unapata takribani 490, na hiyo ni ndefu, ingawa ukitazama kwa jicho tu ungepita. Inayobaki 480 au zaidi kwenye ECG zaidi ya moja, bila dawa na potasiamu ikiwa sawa, inatosha kuita QT ndefu. Zaidi ya 500 ni hatari leo leo. Mapigo yakizidi 100 hesabu hii huongeza chumvi, basi ngoja yatulie.

Halafu hamisha V1 na V2, vibandiko viwili vya ECG vya kifuani, juu, hadi nafasi ya tatu na ya pili kati ya mbavu, upige tena. Brugada hujificha kwenye nafasi ya kawaida na kujitokeza huku juu: ST iliyopanda angalau milimita 2, ikateremka kama mteremko wa kilima hadi wimbi la T lililopinduka. Ni kazi ya dakika mbili isiyo na gharama, na sioni sababu ya kuiruka.

Tafuta PR fupi (muda wa umeme kutoka chemba za juu hadi za chini), chini ya milisekunde 120, na QRS inayoanza kwa mteremko: njia ya ziada ya umeme ya WPW. Mtu wa namna hii akipata mtetemo wa chemba za juu, mdundo wote unaweza kushuka chini na kuwa VF. Verapamil na digoxin hapo ni hatari.

Mawimbi ya T yaliyopinduka yanahitaji jicho la Kiafrika. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2017 kuhusu ECG za wanamichezo yanakubali kwamba kwa mwanamichezo mweusi, T iliyopinduka V1 hadi V4 ikitanguliwa na ST iliyopanda na kuinama kama kuba, ni ya kawaida. Vitabu vilivyoandikwa kwa wagonjwa wa Ulaya vitakufanya umwite ana ugonjwa wa chemba ya kulia. Lakini T iliyopinduka V5 na V6 si ya kawaida kwa yeyote. Hapo tafuta misuli ya moyo iliyonenepa.

Na ECG safi kabisa, eko safi kabisa, kwa mtoto aliyeanguka akikimbia? Hiyo ndiyo sura ya CPVT. Usafi wa vipimo hapa ni dalili.

Hatua ya 6: Eko, kisha picha nyingine

Siku ya kwanza moyo mzima unaweza kuonekana mchovu, unasukuma nusu ya kawaida. Hali hiyo mara nyingi hujirekebisha ndani ya siku 2 au 3. Rudia eko kabla ya kuandika kwamba misuli imetanuka.

Ukuta wa milimita 15 au zaidi usioelezwa na presha wala vali iliyobana ni ugonjwa wa misuli kunenepa. Marc-Vivien Foé, mchezaji wa soka wa Cameroon, aliyeanguka Lyon Juni 26, 2003 katika nusu fainali dhidi ya Colombia akiwa na miaka 28, uchunguzi wa mwili ulikuta ugonjwa huu. Kwa mama aliyejifungua karibuni, fikiria misuli iliyodhoofika kwa ujauzito, lakini pia mshipa wa moyo uliochanika wenyewe, ambao ECG yake hufanana na ya mzee mvuta sigara aliyeziba mshipa wa moyo. Usisahau vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Na kwa mtu wa Uganda au wa mwambao wa Msumbiji, chemba ya chini iliyojaa kovu kwenye ncha huku chemba za juu zimetanuka sana ni ugonjwa wa kovu la utando wa ndani ya moyo, ulioelezwa na J.N.P. Davies huko Kampala mwaka 1948. Asiyewahi kuusikia huuita bonge la damu.

Mwombe mpimaji aangalie mahali mishipa ya moyo inapoanzia. Mshipa wa kushoto ukianzia upande wa kulia na kupita kati ya aota na mshipa wa mapafu, kijana hufa akiwa kwenye mazoezi makali na ECG ya kupumzika haina neno. Eko ikiwa na shaka, CT ya mishipa ya moyo itamaliza ubishi. MRI inafaa kwa uvimbe wa misuli unaotokana na virusi, na kwa makovu madogo.

Hatua ya 7: Vipimo vya kuchokoza

Hivi si vya wodini. Kinu cha kukimbilia, yaani mashine ya mazoezi ya kukimbia, hufichua CPVT: mapigo yakifika karibu 110 au 120 huanza midundo ya ziada, kisha mbio ambamo QRS hubadili mwelekeo mmoja baada ya mwingine. Hicho hicho hufichua QT ndefu iliyojificha. Tazama QT dakika ya 4 baada ya mgonjwa kuacha kukimbia. Dawa za kuchokoza Brugada, kama ajmaline au flecainide, zinahitaji timu iliyojiandaa kumfufua. Hapo ndipo rufaa inapohitajika, kwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, au kituo cha moyo cha Nairobi au Kampala.

Barua ya rufaa iwe na karatasi ya mdundo wa kwanza, ECG zote, saa za dawa, na maneno ya shahidi kama alivyoyasema. Njiani, potasiamu iwe kati ya 4.5 na 5. Kama QT ni ndefu na mdundo ulikuwa unajipinda kama kamba, mpe gramu 2 za magneziamu salfeti, ile ile ya wodi ya wazazi, na uiepuke amiodarone. Kwa anayeshukiwa CPVT, adrenalini inaweza kuwa kuni. Dawa yake ni kizuia-beta na kumtuliza.

Hatua ya 8: Akifariki

Utafutaji haukomi. Familia nyingi zitataka kuzika, Waislamu siku hiyo hiyo, na hilo liheshimiwe. Eleza kwa ufupi, kwa mzazi au kaka mkubwa, kwamba swali sasa ni la waliobaki. Wakikubali uchunguzi wa mwili, moyo ukatwe na anayeujua. Wakikataa, bomba lile la zambarau linaweza kutunzwa kwa kipimo cha jeni, kwa ridhaa yao. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2016, kwa vifo 490 vya ghafla vya watu wa miaka 1 hadi 35, ulikuta asilimia 40 hawakuonyesha chochote kwenye uchunguzi wa mwili. Kati ya hao ambao jeni zao zilipimwa, zaidi ya robo walipatikana na kasoro yenye maana.

Kipimo cha jeni kisipopatikana, ita wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wa marehemu, baada ya arobaini ikiwa ndivyo wanavyotaka, lakini yule aliyewahi kuzimia aje wiki hii. Kila mmoja apigwe ECG, pamoja na V1 na V2 za juu, apimwe QT kwa mkono, na eko ikipatikana. Watoto warudiwe kadiri wanavyokua, maana misuli iliyonenepa mara nyingi hujitokeza wakati wa balehe. Mwenye QT ndefu aandikiwe kikadi cha dawa asizopaswa kupewa, akibebe kwenye pochi, na nakala aipeleke duka la dawa la jirani.